Maji mengi ndiyo yanayoharibu magodoro yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni namna tunavyosafisha na kutunza magodoro majumbani mwetu. Mimi ni fundi wa magodoro hapa Tanga. Nashona magodoro ya pamba na ya sufi, nabadilisha mifuko ya magodoro ya sponji, na kwa sababu ya kazi hiyo huona kile ambacho mwenye godoro haoni, yaani hali ya ndani. Ninachokiona kinanisikitisha, kwa kuwa magodoro mengi yanayoletwa kwangu hayakuharibiwa na uzee wala na uchafu, bali na maji ambayo mwenyewe aliyamimina kwa nia njema kabisa ya kulisafisha.

Kila masika yanapoelekea kwisha, na kila sikukuu inapokaribia, nyumba nyingi za mji huu hufanya usafi mkubwa. Godoro hutolewa uani, likalazwa juu ya sakafu ya saruji, likamwagiwa ndoo za maji ya sabuni ya unga, likasuguliwa kwa brashi ya kufulia au likakanyagwa kwa miguu, kisha likaegemezwa ukutani ili likauke. Wengine hulipeleka kwa vijana wanaoosha magari, ambao hulipiga maji kwa pampu pande zote mbili. Jioni kitambaa cha juu huwa kimekauka na kinanukia sabuni, mwenyewe akaridhika, akalirudisha kitandani na kutandika shuka.

Kinachosahaulika ni kwamba godoro si nguo. Godoro la sponji la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8 lina ujazo wa zaidi ya lita 560, na sponji yenyewe ni sehemu ndogo sana ya ujazo huo. Sehemu iliyobaki yote ni vijitundu vya hewa. Ukilimwagia maji, vijitundu hivyo huyapokea na kuyashusha hadi katikati, mahali ambapo mkono hauwezi kukamua na jua haliwezi kufika. Kitambaa hukauka kwa siku moja, lakini kiini kinaweza kukaa na unyevu kwa muda mrefu sana, hasa katika miji ya pwani kama Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, ambako hewa yenyewe ni nzito kwa mvuke wa bahari. Nikilipasua godoro la namna hiyo hukuta madoa meusi na ya kijani ya ukungu, harufu ya kuoza, na mabaki ya sabuni ambayo hayakusuuzwa na ambayo yanaendelea kuvuta unyevu na vumbi. Tabaka zilizogundishwa kwa gundi huwa zimeanza kuachana. Kama ni godoro la springi, vyuma hushika kutu, na kutu hiyo hujitokeza juu ya kitambaa kwa madoa ya rangi ya kahawia ambayo hakuna sabuni itakayoyatoa.

Kwa hiyo nasema kwa msisitizo: godoro la sponji au la springi haliloweshwi. Husafishwa juu juu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na kazi kubwa ya kulitunza ni kulinyima unyevu, wala si kulitafutia maji zaidi.

Unyevu wenyewe hautoki kwenye ndoo peke yake. Mtu aliyelala hutoa jasho na mvuke usiku kucha, hata usiku ambao hahisi joto, na sehemu ya jasho hilo hushuka ndani ya godoro. Mchana unyevu huo unapaswa kupata njia ya kutoka, nasi mara nyingi tunaiziba njia hiyo kwa mikono yetu. Kwanza kuna mtindo wa kuliacha godoro jipya ndani ya nailoni ya dukani kwa miaka, eti lisichafuke. Nailoni ile imewekwa kwa ajili ya safari ya kutoka kiwandani hadi nyumbani, na godoro likishafika inapaswa kuondolewa siku hiyo hiyo, kwa maana jasho linalopenya kwenye matundu na mipasuko yake halipati pa kutokea. Pili kuna kulilaza godoro moja kwa moja juu ya sakafu. Najua wapo wanaolala hivyo kwa sababu hawajapata kitanda, na sitaki kuwasema vibaya. Kwao ninalo shauri jepesi, kwamba kila asubuhi wakishaamka waliinue godoro na kuliegemeza ukutani hadi jioni, maana sehemu inayogusa saruji baridi ndiyo huvunda kwanza. Tatu ni kitanda kilichopigiwa mbao nzima au plaiwudi chini badala ya chaga. Chaga zina kazi mbili, kubeba uzito na kupitisha hewa. Zikiachana kwa vidole vitatu hivi hubeba vizuri bila kuruhusu sponji kuzama kati yake.

Hata kutandika kitanda mara tu baada ya kuamka, jambo tulilofundishwa tangu utotoni kuwa ni adabu, kunahitaji kusubiri kidogo. Mashuka yafunuliwe, dirisha lifunguliwe, godoro lipumue kwa muda wa kunywa chai, ndipo kitanda kitandikwe.

Jua ni rafiki mkubwa wa godoro, lakini nalo lina namna yake. Sponji tunayoitumia hutengenezwa kwa poliurethani, kemikali iliyovumbuliwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake, na udhaifu wake mmoja ni kwamba mwanga mkali wa jua huichoma. Sponji iliyovuliwa mfuko na kuachwa wazi juani hugeuka manjano, kisha uso wake hukauka na kuanza kumomonyoka kuwa unga. Kwa hiyo godoro la sponji lianikwe likiwa ndani ya mfuko wake, juu ya kamba imara, viti au kichanja, upepo upite chini na juu. Saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri zinatosha, na katikati ya muda huo ligeuzwe. Liingizwe ndani kabla jua halijapoa, likae wazi hadi joto lake lishuke, ndipo litandikwe. Anayekaa ghorofani bila ua wala baraza alisimamishe ubavu karibu na dirisha lililo wazi. Hatapata joto la jua lote, lakini upepo peke yake hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Miezi ya Juni hadi Agosti, mvua zinapokuwa zimepungua na upepo ni mzuri, ni wakati mwafaka kuliko siku chache zenye jua katikati ya masika, ambapo ardhi yote bado inatoa mvuke.

Kabla ya kulianika, godoro lipigwe. Bibi zetu walilipiga kwa fimbo nyembamba, na sijaona sababu ya kuiacha desturi hiyo. Lipigwe nje, mbali na mlango, na anayepiga afunge kitambaa puani. Vumbi linalotoka limejaa vipande vidogo vya ngozi ya binadamu, na humo ndimo unamoishi utitiri wa vumbi, wadudu wadogo mno ambao hawaonekani kwa urahisi kwa macho matupu. Hawaumi. Lakini kinyesi chao na mabaki yao yakivutwa puani huchochea mafua ya mzio na pumu kwa wenye maradhi hayo. Wadudu hawa hawanywi maji, bali hufyonza unyevu uliomo hewani, na ndiyo maana hustawi katika godoro lenye unyevunyevu na kudhoofika katika godoro kavu. Mzazi mwenye mtoto wa pumu ambaye huliosha godoro kwa ndoo za maji ili kumwondolea mwanawe vumbi anawajengea wadudu hao makazi bora kuliko waliyokuwa nayo. Mashuka na foronya ndivyo vifuliwe kila wiki, kwa maji ya moto inapowezekana, na mtoto huyo asiwemo chumbani godoro linapopigwa.

Sasa niseme juu ya madoa, kwa maana najua ndiyo yanayowasukuma wengi kwenye ndoo. Doa hupona likiwahiwa. Mkojo wa mtoto ukimwagika, usikimbilie maji. Kimbilia kitambaa kikavu cha pamba, ukikandamize kwa nguvu juu ya doa bila kusugua, ubadilishe kitambaa kingine na kingine hadi kisitoke na unyevu. Kusugua hueneza doa na kulizamisha. Kisha changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, nyunyizia kidogo, acha kwa dakika chache, kandamiza tena kwa kitambaa kikavu. Sehemu hiyo ikishakaribia kukauka, nyunyiza bikaboneti ya soda, ule unga mweupe wa kuumulia keki, ambao si hamira na wala si magadi ya kulainishia maharage. Uache kwa saa kadhaa au usiku mzima ufyonze harufu na unyevu, kisha ukung'utwe wote. Wapo wanaochanganya siki na unga huo kwa pamoja, wakafurahishwa na povu lake, lakini povu lile ni vitu viwili hivyo vikiuana nguvu. Kila kimoja kitumike kwa zamu yake.

Doa la damu linataka maji baridi yenye chumvi kidogo, na kamwe si maji ya moto, kwa kuwa joto huigandisha damu kwenye nyuzi kama yai linavyoganda kikaangoni. Matapishi na maziwa ya mtoto mchanga huondolewa kwa utaratibu huo huo wa maji baridi. Doa la zamani ambalo limekwisha kuwa kivuli tu na halina harufu ni heri kuliacha, kwa maana kitanda kina shuka, na godoro lenye doa kavu ni zima kuliko godoro lililong'aa nje na kuoza ndani.

Kwa watoto wanaokojoa kitandani kila mara, utumike mpira wa kutandikia juu ya godoro, kisha juu yake shuka nene la pamba ili mtoto asilale kwenye jasho. Asubuhi mpira uondolewe, upanguswe na kuanikwa, usibaki kitandani mchana kutwa. Natumaini wazazi watanielewa nikisema pia kwamba mtoto huyo asiaibishwe kwa godoro lake kuanikwa njiani mbele ya wapita njia. Ua wa nyuma una jua lile lile.

Lipo jambo moja ambalo ni la hatari na ambalo nimelikuta katika nyumba za watu wenye busara zao. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo wengi huiita jiki, haifai kabisa kutumiwa kwenye doa la mkojo wala kuchanganywa na siki. Ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia iliyomo kwenye mkojo uliokaa hutoa gesi nyingine zenye sumu. Zote huunguza macho na mapafu, na katika chumba kidogo kilichofungwa zinaweza kumdhuru mtu vibaya. Harufu kali inayomfanya mtu aamini kwamba usafi umefanyika ndiyo hiyo hiyo sumu yenyewe.

Hatari nyingine ni mapambano yetu na kunguni. Nianze kwa kusema kwamba kunguni si alama ya uchafu wa mtu. Huingia nyumba safi na chafu sawasawa, kwa mizigo ya safari, kwa viti vya mtumba, kwa godoro lililonunuliwa likiwa limekwisha kutumika, na ingawa huwasha na kunyima watu usingizi hawajulikani kuwa wasambazaji wa maradhi kama alivyo mbu. Aibu ndiyo inayowafanya watu wafiche, na wakishaficha hutumia njia za siri zilizo mbaya. Wapo wanaonyunyizia mafuta ya taa kwenye mishono ya godoro. Sponji ni kitu kinachoshika moto haraka mno, na moshi wake una kaboni monoksaidi na sianidi ya haidrojeni, gesi zinazoweza kumuua aliyelala kabla moto haujamfikia; kuiongezea mafuta ya taa katika nyumba inayotumia mshumaa, kibatari au dawa ya mbu ya kuchoma ni kulala juu ya hatari iliyo wazi. Wapo pia wanaonunua dawa za kuulia wadudu wa shambani, zilizotengenezwa kwa ajili ya pamba au mboga, wakalinyunyizia godoro ambalo usiku huo huo mtoto atalazwa kifudifudi juu yake. Dawa hizo hazikuwekwa kwa ajili ya ngozi na pua za watu, na godoro halioshwi likaisha sumu.

Isitoshe, nyingi ya dawa za madukani haziwaui kunguni tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kuwa kunguni wa vijiji vya Tanzania vilivyotumia vyandarua vyenye dawa walikuwa wamekwisha kuwa sugu kwa dawa za jamii ile ile. Si hoja ya kuacha chandarua, maana chandarua ni kwa ajili ya malaria na kazi hiyo bado kinaifanya. Ni hoja ya kutotegemea dawa ya kupuliza peke yake. Kinachowashinda kunguni ni joto na uvumilivu. Joto la nyuzi 50 za Selsiasi na zaidi, likiwafikia sawasawa, huwaua wao na mayai yao, kwa hiyo mashuka, foronya na chandarua kisicho na dawa vitiwe kwenye maji ya moto sana. Kitanda kifunguliwe, chaga zitolewe, na maji yanayochemka yamiminwe kwenye mbao, hasa kwenye matundu ya misumari na viungo. Hapo ndipo maji mengi yana kazi, kwenye mbao. Godoro lenyewe likaguliwe mshono kwa mshono mchana wa jua, kunguni na mayai yaondolewe kwa brashi ngumu juu ya beseni la maji ya sabuni, kisha livalishwe mfuko mzima unaofungwa kwa zipu, ambamo kunguni waliosalia watabaki wamefungiwa. Kulianika juani peke yake hakutoshi, kwa kuwa kunguni huhamia upande wa kivuli. Kazi hiyo irudiwe baada ya wiki moja na tena baada ya nyingine, maana mayai yaliyosalimika huanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10 hivi, na mkubwa mmoja anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula.

Magodoro ya pamba na ya sufi yana habari yake, na naona faraja kuyasimulia kwa sababu ndiyo niliyoanzia kazi. Haya hayaogopi jua. Yanaweza kuanikwa kutwa. Yakibonyea katikati hayatupwi: mfuko hufumuliwa, pamba hutolewa, ikachambuliwa kwa mkono hadi vibonge vyote viachane, ikaanikwa, mfuko ukafuliwa peke yake kama nguo nyingine, kisha pamba ikarudishwa na godoro likatungwa upya kwa sindano ndefu. Sufi, tunayoipata kwenye tunda la msufi, ni nyepesi kuliko pamba na nyuzi zake zina nta ya asili na uwazi ndani, kiasi kwamba zamani ilijazwa kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini. Haifuliwi. Hupigwa jua na kuchambuliwa kwa utulivu mahali pasipo na upepo, nayo ikiwa kavu hudumu miaka mingi.

Kwa magodoro ya aina zote, kugeuza ni muhimu: kila baada ya miezi mitatu hivi upande wa kichwani uende miguuni, na kama godoro lina nyuso mbili zilizo sawa, wa chini uwe juu. Yale ya springi yenye tabaka laini upande mmoja tu yazungushwe bila kupinduliwa.

Ndugu Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni kwa viwanda na wauzaji. Lebo nyingi ninazozikuta kwenye magodoro zinataja jina la kiwanda, vipimo na uzito wa sponji, na zenye maelezo ya utunzaji mara nyingi huyatoa kwa lugha ambayo mnunuzi wa kawaida haisomi. Kipande cha kitambaa kilichoshonwa ubavuni, kikieleza kwa Kiswahili kwamba nailoni iondolewe, godoro lisiloweshwe, sponji isianikwe bila mfuko, na lisiwekwe karibu na moto, kingegharimu kidogo sana kwa kiwanda na kingemwokolea mnunuzi fedha nyingi. Shirika la Viwango Tanzania lingeweza kulitazama jambo hili, na muuzaji dukani angeweza kulisema kwa mdomo hata kabla ya lebo kubadilishwa.

La pili ni kwa wakuu wa shule za bweni. Mabwenini magodoro hukaa mihula mizima bila kuinuliwa, yamebanana, madirisha nusu yamefungwa, na mara nyingi mwanafunzi hurithi godoro asilojua lilitoka kwa nani. Naomba iwepo siku katika kila mwezi, Jumamosi moja tu, ambayo wanafunzi wote watatoa magodoro nje, watayapiga, watayakagua mishono na kuyaanika, huku chaga na vitanda vikimiminiwa maji ya moto chini ya usimamizi wa matroni au patroni. Na magodoro yabandikwe namba mwanzoni mwa mwaka ili kila moja lijulikane na mwenyewe. Ikiwa ipo shule itakayotaka kuonyeshwa namna ya kukagua mishono, au namna ya kushona mifuko ya zipu kwa marudufu badala ya kuinunua, mafundi wa Ngamiani tupo, na mimi niko tayari kwenda kuwaonyesha wanafunzi bila malipo.

Fundi wa magodoro,
Ngamiani, Tanga.